Wanawake wa Kwetu Hawakamui

Juma lililopita nilikwenda kumpongeza rafiki yangu Solange kwa kujifungua. Nilimkuta mama yake ameketi mkekani, kampakata mjukuu, na kando yake kisahani cha mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa kwenye makaa. Alichovya vidole viwili, akaishika pua ya mtoto pale juu, katikati ya macho, akaanza kuivuta kwenda chini huku akiibana. Mtoto alilia. Solange alicheka. Mimi nilijifanya napigiwa simu, nikatoka, nikaenda kusimama karibu na choo cha uani. Harufu ya choo ilikuwa afadhali.

Nyinyi wa umri wangu mliokulia Bunia mnayajua mafuta yale, yenye harufu ya maziwa yaliyolala na moshi wa kibuyu. Wengine yanawakumbusha mapenzi ya bibi zao, na siwalaumu. Mimi yananirudishia vidole vya Koko, mama mzaa baba, ambaye aliwavuta pua watoto wote wa ukoo wetu, mimi nikiwa mmojawao. Alikuwa akituonyesha kwa wageni, anatugeuza upande mmoja ili waone vizuri. "Angalia kazi yangu," anasema. Kazi yenyewe ilikuwa pua nyembamba, na pua nyembamba kwa Koko ilikuwa ushahidi kwamba mtu ametoka mahali pa maana.

Makabila sitayataja. Aliye wa Bunia anajua, na asiye wa Bunia atosheke na hili: kuna watu wa ng'ombe na kuna watu wa jembe, walioana na kuuziana maziwa na mihogo tangu zamani, kisha wakachinjana. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Kwa Koko niliambiwa kwamba wale wengine wanakula panya, hawaogi, wana pua bapa kama zilizokaliwa, na ukimpa mmoja wao maziwa ng'ombe wako atakauka. Niliamini yote, kama nilivyoamini kwamba kuna Mungu na kwamba mvua inatoka mbinguni. Baadaye, shuleni, mtoto wa upande wa pili aliniambia waliyoambiwa wao juu yetu, kwamba sisi ni wezi wa ardhi, hatushiki jembe kwa uvivu, na tunanywa damu. Alinisimulia kwa heshima kabisa, akitaka kujua damu ina ladha gani.

Tatizo la nyumba yetu lilikuwa pua ya mama. Mama alikuwa wa kwetu kwa baba na kwa mama, mzaliwa wa upande wa Irumu, binti wa watu waliokuwa na zizi kubwa kuliko la Koko. Lakini Mungu alimpa uso mpana, pua pana na kimo kifupi, na mtu akimtazama njiani anamhesabu upande wa pili. Koko hakumsamehe. Alikuwa akisema mbele yake, kana kwamba hayupo, "Mutoto wangu alienda kuoa pua ya jembe." Mama anaendelea kusafisha vibuyu.

Mimi nilidhani ni uzembe wa bibi yake mama, kwamba aliacha kazi bila kuimaliza. Siku moja mama kalala mchana, nilichota mafuta kwenye kisahani cha Koko, nikampanda kifuani, nikaanza kumvuta pua. Aliamka, akanitazama, hakunifukuza.

"Mama, juu ya nini koko yako hakukuvuta?"

"Alinivuta sana," alisema. "Pua ilikataa."

Alicheka, nami nikacheka, nikaendelea kuvuta hadi mikono ikachoka. Nilikuwa na hakika kwamba nikifanya hivyo kila siku, Koko atampenda.

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu, mwanamke hakamui. Ng'ombe anakamuliwa na mwanamume au mvulana. Mwanamke anapokea maziwa, anayasukasuka yawe siagi, anavifukiza vibuyu kwa moshi, lakini chuchu ya ng'ombe haigusi. Ni mwiko kabisa. Nilipokuwa mdogo sana nilijaribu kugusa, kwa kuiga mchungaji wa Koko, na Koko alinipiga kofi, sikio langu likalia hadi jioni. Ukimwona mwanamke anakamua, tulifundishwa, huyo si wa kwetu, au ni wa kwetu aliyeharibika.

Basi vita vikaja. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, aliwapeleka kwenye miji ya dhahabu ambako wachimbaji wanapenda nyama na wana pesa, na wakati huo alikuwa huko, njia imefungwa nyuma yake. Mtaa tuliokuwa tunakaa ulikuwa wa watu mchanganyiko, na mchanganyiko ulikuwa umegeuka kuwa hatari. Mama alifunga vitu vyetu, akanishika mkono, tukahamia kwa Koko, upande mwingine wa mji, ambako watu wa ng'ombe walikuwa wengi. Tulikwenda huko ili tuwe salama.

Mtaa wa Koko ulijaa wakimbizi waliotoka vijiji vya Djugu, wengine walipitia Iga Barrière usiku na mchana bila kusimama. Walikuja na magodoro, na kuku, na ng'ombe waliobaki, wengine wakiwa na makovu ya panga miguuni. Ng'ombe walifungwa kwenye miti ya kando ya barabara. Vijana wao, waliokuwa hawana la kufanya ila kukumbuka, walifunga kamba ya nailoni kutoka nguzo hadi nguzo kwenye kona, wakaweka benchi, na juu ya benchi mapanga. Nilipoiona kamba mara ya kwanza nilifurahi. Nilidhani ni ya kuruka.

Mkubwa wa kizuizi aliitwa Jospin. Alikuwa bado anavaa sweta ya shule. Alisoma internati, shule ya bweni, miaka yote, ng'ombe wa baba yake aliwaona likizo tu, na waliowakamua walikuwa watu wa kuajiriwa. Sasa baba hayupo, ng'ombe amebaki mmoja, na Jospin ndiye aliyekuwa anaamua nani ni wa kwetu.

Siku ile tulikuwa tunatoka sokoni, mama na mimi, na kilo chache za maharage. Ilikuwa mchana mweupe, watu wanapita. Jospin aliinua mkono.

"Mama, simama. Unatoka fasi gani?"

"Natoka soko."

"Siulize soko. Kwenu ni fasi gani?"

"Kwetu Irumu. Bwana yangu ni wa hapa. Mama yake anakaa pale, kwenye nyumba ya mabati mapya."

"Carte."

Mama alifungua fundo la kitenge, akampa kitambulisho. Jospin hakuisoma. Alikuwa anamtazama mama usoni, polepole, kama mtu anayechagua nyanya.

"Carte wanauzaka," alisema. "Uso hawauzake."

Mama alimsemesha kwa lugha ya kwetu, akamtajia baba yake na babu yake, kama inavyopasa. Vijana walitazamana. Watu wa ng'ombe wa upande wa Djugu wanasema lugha ileile ya watu wa jembe, maana wameishi nao tangu zamani. Lugha yetu ya Irumu hawaijui. Ndivyo ilivyo huko kwetu: wale vijana walikuwa wanazungumza kwa lugha ya maadui zao, na mama aliyezungumza ya kwao ya asili ndiye aliyeonekana mgeni.

"Sikia, mama," Jospin alisema. "Siye hatuko wabaya. Ngombe ile pale. Mutu wa kwetu anajuaka ngombe. Kamua, tuone."

Mama alicheka. Hakuwa na nia mbaya, alishangaa tu.

"Miye muke nikamue? Kijana, mama yako anakamuaka?"

Uso wa Jospin ulibadilika. "Mama yangu walimukata," alisema. "Watu wenye sura sawa ya kwako. Kamua."

"Pole, mutoto wangu. Lakini muke wa kwetu hakamuake. Uliza muzee yeyote."

Wenzake walicheka. Mmoja alisema, "Hajue. Anaogopa ngombe," na mwingine akachukua panga kwenye benchi, akaanza kulifuta kwa shati lake. Fikiria ujinga huo. Kukataa kwake ndiko kulikuwa ushahidi wote waliouhitaji, mwanamke wa jembe asingekuwa na sababu ya kukataa, na wao wakaona kinyume chake. Walikuwa tayari kuua kwa ajili ya desturi ambazo hawakuzijua.

Mama aliniinamia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ananituma chumvi. "Kimbia, muite Koko. Muambie akuye aseme tu miye niko nani."

Nilikimbia. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma ninapoandika. Nilikuwa nimeona hatari, lakini nilijua dawa yake. Nilimkuta Koko anachambua karanga. Nilimweleza, akasimama, akachukua fimbo yake, akajifunga kitenge cha kutokea. Nilimvuta mkono njia nzima. Kila mtu mtaani alimheshimu Koko, na nilikuwa namletea mama mtu mkubwa kuliko panga.

Vijana waliinuka walipomwona. Jospin akampisha kwenye benchi, Koko akakataa kukaa.

"Koko, utusamehe kukusumbua," Jospin alisema. "Huyu mama anasema iko muke wa mutoto wako. Na anasema wanawake wa kwetu hawakamuake. Ni vrai?"

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Neno moja, "kweli", lilitosha.

Koko alimtazama mama. Alianzia miguuni, akapanda hadi usoni, akabaki hapo. Kisha akanivuta mimi karibu na kitenge chake.

"Huyu mutoto ni wangu," alisema.

"Na mama yake?"

"Miye sikumuchagua." Akaipigapiga ardhi kwa fimbo. "Akamue, tumuone."

"Mama," mama alisema. Ni hivyo tu. Koko alikuwa anamtazama ng'ombe.

Mama aliweka maharage chini. Alikaza kitenge, akaenda kwa ng'ombe, akasimama mbele yake muda, halafu akawaambia wale vijana wamfungue ndama kwanza. Hawakuelewa kwa nini. Ilibidi awaeleze kwamba ng'ombe wetu haachii maziwa mpaka ndama wake amnyonye kidogo. Walimleta, akanyonya, mama akamsogeza kwa goti, akachuchumaa na kopo walilompa. Aliyajua yote kwa kuwatazama kaka zake tangu utoto, ila mikono yake haikuwahi kufanya. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Ng'ombe alirusha mguu. Mama alijaribu tena, na maziwa yakagonga kopo.

Nilipiga makofi. Watu waliokuwa wamesimama kutazama, wengine nao walipiga. Nilimtazama Koko nikitegemea atafurahi, kwa sababu mama ameshinda, na nikamwona anatabasamu kweli. Nilidhani tunafurahia jambo lilelile.

Jospin alimwambia mama anywe. Alikunywa. "Bon," Jospin alisema, "iko wa kwetu. Pita, mama. Usituwekee roho mbaya." Aliinua kamba mwenyewe, na mmoja wao alibeba maharage yetu hadi mlangoni.

Nyumbani mama alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akapika. Koko hakula. Alisema hawezi kula kutoka kwenye mikono iliyoshika chuchu ya ng'ombe. Alimwambia mchungaji asimpe mama kibuyu chochote. Jirani walipokuja aliwaketisha, akawasimulia, na kila mara alimalizia kwa namna moja: "Miye nilisemaka zamani. Muke wa kwetu angekamua? Mbele ya watu?"

Nilikuwa nimekua ndipo nikaelewa alichofanya. Alimpa mama njia mbili, na zote zilikuwa zake. Akikataa kukamua, vijana watamaliza kazi. Akikamua, Koko atamaliza. Yule mzee hakusema uongo hata mara moja. Nimewahi kuwasikia watu wakisema chuki ni ujinga, kwamba watu wakifahamiana itaisha. Koko alimfahamu mama. Alijua ukoo wake, alijua desturi kuliko mtu yeyote pale kwenye kamba, na aliutumia ujuzi wake wote. Pua ilimkera muda mrefu, na siku ile akapata watu wa kumsaidia.

Mama alikaa jikoni, analala huko, akimngoja baba. Aliniambia papa akirudi atasema na Koko. Nilimngoja baba na mimi, kila lori likipita natoka.

Baba alirudi amekonda, na ng'ombe wameuzwa kwa hasara. Aliketi barazani, Koko akamweleza kabla hajavua viatu. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mimi nikiwa nimemshika nyuma.

"Mama, si wangemuua?" baba alisema.

"Muke wa kwetu angekufa na heshima yake."

"Vijana ndio walimulazimisha."

"Nani alimukamata mukono? Aliinama yeye mwenyewe. Alijua hata kuita ndama. Alijifunza wapi? Sasa utakula kwake? Utazaa watoto wengine na ile pua, halafu miye nivute mupaka vidole vikatike?"

Baba alikuwa mtu wa kumshika fahali pembe akatulia. Niliwahi kumwona akimzuia ng'ombe aliyepagawa kwa sauti tu. Nilisubiri hiyo sauti. Alifungua viatu, akaviweka vizuri, kimoja kando ya kingine.

"Aende kwao kwanza," alisema. "Tutaona."

Hawakuona kitu. Kabla mvua hazijaisha alikuwa ameoa mwingine, aliyechaguliwa na Koko, mrefu, na pua yake hata mimi niliistaajabia. Mke yule hakunitendea ubaya, namtaja ili haki itendeke.

Mama aliondoka asubuhi, kwa miguu, na wanawake wengine waliokuwa wanateremka kuelekea Irumu. Njia ilikuwa na vizuizi vya pande zote mbili. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kumfuata, aliniambia kwamba mbele zaidi walikutana na kizuizi cha watu wa jembe. Wanawake wenzake wawili wenye pua nyembamba walitolewa kwenye mstari na hawakurudi. Yeye walimtazama usoni, wakamwita dada, wakampa maji ya kunywa. Aliyanywa. "Ningefanya nini," aliniuliza.

Lakini kwanza alipaswa kupita kwa Jospin. Nilimfuata nyuma na kifurushi changu cha nguo, ambacho hakuna aliyenifungia. Koko alikuja nyuma yetu taratibu na fimbo yake, bila kuniita, kama mtu anayesindikiza wageni.

Jospin aliinuka kwenye benchi na kumsalimu mama kwa mikono miwili.

"Mama, unaenda wapi? Njia ni mbaya. Bakia. Hapa siye tunakujua sasa."

"Naenda kwetu."

"Kwenu si hapa?"

"Wamesema hapana."

"Nani amesema? Niambie, tuende kumuona." Alikuwa ameshika panga tayari, kwa ajili ya mama safari hii.

Mama alitazama nyuma alipokuwa Koko, akarudisha macho. "Wenyewe," alisema.

Jospin aliliweka panga kwenye benchi. Aliinua kamba, mama akainama, akapita. Niliinama na mimi. Kamba ilishuka mbele ya kifua changu.

"Mutoto abakie," Jospin alisema, kwa upole, na akanishika bega. "Koko alisema ni wake. Siye wote tulisikia."

Mama alirudi hadi kwenye kamba. Alimwambia Jospin kwamba mimi ni wake, kwamba alinizaa yeye, na Jospin alimtazama Koko, na Koko akatikisa kichwa kukataa, mara moja tu. Watoto kwetu ni wa baba, hilo hata Jospin alilijua. Wanawake wa Irumu walikuwa wanamwita mama, jua linapanda. Alinishika uso kwa mikono yote miwili juu ya kamba, akaniacha, akaenda.

Nililia hadi nikatapika. Koko alinifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake, bila hasira, akanishika mkono turudi nyumbani.

"Nyamaza," alisema. "Weye uko wetu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanilisha, akanisomesha, akaniuguza malaria zangu zote. Tulipomzika, watu walilia sana, na mimi nilikuwa bado namchukia.